Mchumba Wangu Aliniwekea Emuleta

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja, na sina mume wala mchumba. Mchumba nilikuwa naye. Nilikuwa pia na dada, na huyo ndiye ninayemlilia hadi leo. Mchumba akiondoka unaweza hata kumshukuru Mungu... lakini dada!

Jina langu ni Akoth. Nina chumba cha gemu hapa Kondele, nyuma ya vibanda vya nguo, ambako vijana huja kucheza mpira wa kwenye skrini. Nilipoanza niliambiwa hiyo si kazi ya mwanamke. Niliwaacha waseme. Mdomo wangu ni mkali na padi zangu za kuchezea hazipotei, kwa hiyo wateja walinizoea haraka.

Taabu yangu ilianza na stima. Kwetu stima ikipotea hurudi kwa hasira, na siku hiyo ilirudi ikaunguza konsoli zangu zote kwa mpigo mmoja. Chumba kizima kilinuka plastiki. Nilikaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa.

Atieno, dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuja kunibembeleza. Yeye alikuwa ameolewa Milimani, kwenye nyumba ya geti kubwa na bustani, na ana wasichana wawili. Usione geti ukadhani kuna raha! Mama mkwe wake aliishi humo humo na alisikiliza kila neno. Kwa hiyo Atieno akitoka sokoni Kibuye alikuwa akipitia kwangu, anavua viatu, anakaa kwenye benchi la wachezaji, na hapo ndipo anapata kupumua.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na Ouma. Ouma huuza na kutengeneza kompyuta za mtumba pale Kibuye. Ni mtu mpole, msafi, anayeongea taratibu mpaka unasogea karibu ili umsikie. Aliniambia nisihangaike kutafuta konsoli nyingine. Kompyuta moja yenye nguvu, alisema, inaweza kujifanya konsoli ukiiwekea programu inayoitwa emuleta. Gemu ni zile zile, padi ni zile zile, mteja hataona tofauti.

Akaniletea kompyuta na kuifunga mwenyewe. Juu ya skrini akabandika kamera ndogo yenye maikrofoni, eti zawadi, ili siku za mashindano wachezaji wajione sura zao. Nilimkumbatia mbele ya watu!

Mwanzoni emuleta ilitusumbua. Wachezaji walikimbia uwanjani bila nyuso, na sauti ya mtangazaji ilikatika kila mara. Ouma akasema imekosa bayosi, lile faili linaloishi ndani ya konsoli halisi na ambalo emuleta hulitaka ili iamke vizuri. Inavyotakiwa ni ulitoe kwenye konsoli yako mwenyewe. Lakini zangu zilikuwa mkaa, na hata zingekuwa nzima, simjui mtu hapa mjini anayejisumbua hivyo. Wote tunachukua mtandaoni au kwa rafiki. Ouma alikuwa nalo kwenye fleshi yake.

Alipochomeka ile fleshi, antivairasi ikapiga mlio. Dirisha jekundu likajaa skrini... Nilishtuka, nikamshika mkono.

"Hiyo ni makelele tu, jaber," akasema akicheka. Jaber ni mrembo kwa Kijaluo, na ndivyo alivyozoea kuniita. "Emuleta zote zinapigiwanga kelele hivyo. Zima hiyo kitu watu wacheze."

Sikukubali hivi hivi. Nilimpigia simu mwenzangu mwenye chumba cha gemu Manyatta, naye akanicheka, akasema wao walizima zamani na hakuna aliyekufa. Katika kazi yetu kelele ile imezoeleka mno. Nikashika kipanya, nikaizima ile antivairasi kwa mkono wangu mwenyewe.

Laiti mkono huo ungekufa ganzi!

Gemu iliamka vizuri. Picha zilikuwa safi kuliko za konsoli zangu, na habari zikaenea hadi vijana wa mbali wakaanza kuja. Tena emuleta hukuruhusu kuhifadhi mchezo popote, hata katikati ya penalti, na ukikosa unarudi unapiga upya. Waligombana juu ya hilo karibu wavunje benchi, mpaka nikakipiga marufuku kile kitufe cha kuhifadhi. Tulicheka sana siku hizo... sana!

Na Ouma? Ouma akawa mwanamume ambaye kila msichana humwomba Mungu ampe. Nikimwambia Atieno nina hamu ya samaki, mbuta wa kukaanga, jioni huyo Ouma na mbuta wa moto. Nikilalamika kwamba viatu vyangu vimechoka, kesho yake analeta vingine, saizi yangu kabisa. Nilijigamba kwamba mchumba wangu anasoma moyo wangu.

Atieno hakufurahi. Aliniuliza swali moja tu: amejuaje? Nilikasirika. Nikamwambia si kila mwanamume ni kama wa kwake, ambaye hajui hata mke wake anavaa viatu namba gani. Aliinama, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Halafu mambo yakaanza kubadilika rangi. Ouma alikuwa akinipigia kutoka Kibuye kuniuliza mbona nimecheka hivyo na mteja fulani. Nani amemwambia? Alisema ana marafiki Kondele. Siku nyingine alinionya nisiruhusu dada yangu kunilisha maneno juu yake. Asubuhi nikifungua duka nilikuta kompyuta imewaka na feni inavuma, ilhali nilikuwa na hakika niliizima. Niliwaza kwamba ni ya mtumba, ina mambo yake. Mtu akipenda hujitafutia majibu mwenyewe.

Alasiri moja mvua kubwa ilifukuza wateja wote. Gemu ilibaki ikijichezea peke yake kwenye skrini, mashabiki wakiimba uwanjani. Atieno aliingia amelowa, akakaa, akaanza kulia hata kabla sijamuuliza.

Nyumbani kwetu wote tunajua alivyonusurika alipojifungua mtoto wa pili. Alitokwa damu mpaka tukaanza kuimba nyimbo za maombi kwenye korido ya hospitali. Daktari alimwambia mimba nyingine inaweza kumwondoa. Lakini mumewe na mama mkwe walitaka mvulana, na hilo la daktari hawakutaka kulisikia. Kwa hiyo dada yangu alikuwa akienda kliniki kwa siri kudungwa sindano ya kupanga uzazi, huku nyumbani wakimwombea apate mimba.

"Mama yake akijua hii kitu, mimi siko kwa hiyo boma tena," aliniambia. "Na watoto wangu hawatanipa. Nyamera, nimekuambia wewe peke yako."

Nyamera, dada yangu. Nilimshika mikono nikamwapia kwamba siri hiyo nitazikwa nayo. Nyuma yetu mashabiki wa kwenye gemu walikuwa wakishangilia bao.

Muda mfupi baadaye Ouma alianza kuharakisha ayie. Hiyo ndiyo siku ambayo mwanamume huja na watu wake kwa mama wa msichana, ili mama aseme amekubali. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta kuku. Mimi moyo wangu ulikuwa mzito, lakini ningesema nini? Kwamba ananiletea viatu na samaki?

Basi asubuhi moja, kabla sijawafungulia wateja mlango, nilipiga magoti peke yangu pale dukani nikaomba kwa sauti. Nilisema, Mungu, kama Ouma si wangu, nionyeshe leo.

Mchana Ouma akanipeleka kula. Aliagiza, akanawa mikono, akamega ugali. Kisha akaniangalia akitabasamu, akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Sasa, jaber, Mungu amekuonyesha ama bado?"

Wasomaji, nilirudisha tonge kwenye sahani! Nilikuwa na nani pale dukani? Mimi na Mungu... na ile kompyuta. Nikaiona kamera machoni mwangu kana kwamba iko mezani kati ya sahani zetu. Nikaelewa viatu, samaki, wateja, kila kitu. Lile faili la kwenye fleshi halikuja peke yake, lilileta na kitu cha kutusikiliza kupitia ile kamera.

Nilimwambia nimejua, na kwamba ayie imekufa. Hakukana. Hakupandisha hata sauti. Alitoa simu, akaiweka karibu na sikio langu, na nikasikia mvua, nikasikia mashabiki wakishangilia bao, na katikati ya kelele hizo nikamsikia dada yangu akilia na kuniambia habari za sindano.

"Shemeji yako wa Milimani ni mtu mzuri," alisema. "Sitaki asikie vibaya. Wacha ayie iendelee, sisi wote tutakaa na amani."

Nilitoka pale nikitembea kama mgonjwa. Ningepaswa kwenda moja kwa moja kwa Atieno nimwambie, dada, siri yako imeibwa, jiandae. Lakini niliogopa macho yake. Nikajiambia naweza kulimaliza mwenyewe bila yeye kujua.

Nikafanya nini? Nikakimbilia dukani, nikafukuza wateja katikati ya mchezo, nikang'oa kamera, nikaifuta kompyuta yote! Emuleta, gemu, bayosi, kila kitu, mpaka ikabaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. Mimi nilidhani sauti zetu ziko humo, na simu yake inazivuta kutoka pale. Ni kosa la mtu wa gemu, wasomaji. Kwetu sisi ukifuta mchezo uliohifadhiwa, umekwisha, unaanza upya. Nilipomaliza nilivuta pumzi, nikamtumia Ouma ujumbe kwamba hana kitu tena, asije kwa mama yangu.

 

Jumapili hiyo, wakati familia ya Milimani imerudi kutoka kanisani na mama mkwe ameketi sebuleni, simu ya shemeji ilipokea sauti kutoka namba asiyoijua. Akaifungua mbele ya mama yake...

Atieno alifika kwa mama na begi moja. Wasichana walibaki Milimani, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatolewa na watoto ni wa boma lile, ndivyo wazee walivyosema. Mdogo alikuwa bado ananyonya kidole akilala. Mama aliniambia Atieno alishinda ameshika soksi ya mtoto huyo, haachi mtu aichukue.

Nilienda kumwona. Nilimweleza yote, kamera, fleshi, emuleta, nikipiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko kofi.

"Gemu ilisikiaje mimi, Akoth? Hapo ndani tulikuwa wewe na mimi. Nionyeshe hiyo kitu ilisikia."

Ningemwonyesha nini? Nilikuwa nimefuta! Ushahidi pekee kwamba kulikuwa na mdudu ndani ya emuleta ile niliuua kwa mikono yangu, nikidhani namwokoa. Ouma alipoitwa mbele ya wazee alikuja na shati jeupe, akawaambia kwa heshima kwamba emuleta ni mchezo wa vijana, haina masikio, na kwamba mimi nilimtumia ile sauti tulipokuwa tunapendana, sasa nimekosana naye namsingizia. Wazee walitikisa vichwa. Kituo cha polisi nako waliniuliza kompyuta iko wapi, wakaiwasha, wakaikuta tupu, wakanirudishia.

Atieno akawaamini wao. Naweza kumlaumu? Niliwahi kumsimanga juu ya mumewe kwa sababu ya viatu. Alikuwa na sababu ya kufikiri kwamba namwonea wivu geti lake.

Sasa anaishi Homa Bay, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa rejareja. Nilimfuata huko mara moja. Aliponiona alifunika beseni lake, akaingia ndani, akafunga mlango, na majirani wakanitazama mpaka nikaona aibu nikaondoka. Watoto anawaona shemeji akipenda. Ouma bado yuko Kibuye, na nasikia anawafungia wengine vyumba vya gemu.

Ninyi mnaofanya kazi kama yangu, na ninyi wazazi mnaowaachia vijana kompyuta ya nyumbani, nawasihi. Emuleta yenyewe sina ugomvi nayo. Chukueni programu mahali panapojulikana, toeni bayosi kwenye mashine yenu wenyewe, na kompyuta ikiwaonya msimsikilize mtu anayewaambia mzime, hata kama mnampenda kiasi gani. Mkigundua kuna kitu ndani, msifute! Chomoeni waya, mwiteni mtu wa kushuhudia. Na kama siri iliyoibwa ni ya mtu mwingine, mwambieni mwenyewe kabla hajaambiwa na adui. Aibu ya siku hiyo ni ndogo. Mimi niliikimbia, nikampoteza dada.

Nimeandika haya yote kwenye ukurasa huu kwa sababu Atieno hapokei simu zangu, na barua alirudisha bila kufungua. Lakini mama anasema jioni, akishamaliza kuuza, bado hununua gazeti hili na huanzia hapa kwenye mikasa.

Nyamera, kama umefika mpaka hapa, mimi sikusema. Niliogopa kukuambia, na hilo ndilo kosa langu, lakini sikusema.