Roboti Ndani ya Maranda

Kila siku nikitoka shule nilikuwa napitia bandani kwa baba, pale Mwenge, halafu jioni tunarudi wote nyumbani Kimara. Baba yangu, Albano, ni mchonga vinyago. Yeye anachonga, vipande vinaruka huku na huku, mie nafagia maranda na kuyajaza kwenye kasha kubwa la mbao. Humo ndimo anamolaza vinyago vibichi. Anavifukia kabisa, kama mtu anavyofukia ndizi ziive, kwa sababu mpingo ukikauka haraka unapasuka. Mfuniko wa kasha ndio kiti chake cha kulia chakula cha mchana.

Mwezi ule kasha lilikuwa na kinyago kimoja tu. Gogo moja, watu kumi na saba wamebebana, na juu kabisa kuna bibi ana mtungi kichwani. Baba alikuwa amekihangaikia miezi minne. Akikigusa, hata sauti yake inashuka.

Sasa shuleni kwetu kuna klabu ya roboti. Usifikirie roboti za kwenye sinema! Zetu ni makopo ya mtindi. Unaligeuza kopo, unalifunga maka peni tatu ziwe miguu, juu unaweka mota ndogo ya gari bovu la kuchezea. Kwenye mota yangu nilibandika kipande cha mpingo upande mmoja, ili ikizunguka kopo zima litetemeke. Likitetemeka, linatembea. Likitembea, linachora! Miduara, mawimbi, vitu ambavyo hata mwenyewe hujavipanga.

Ishu ni kwamba roboti yangu ilikuwa taratibu mno. Mwalimu wetu, Madam Avelina, alitupa betri moja moja ya saa ya ukutani.

"Sesilia, roboti yako ina malaria?" Fakihi aliniuliza Alhamisi, darasa zima likacheka. "Yangu ishajaza karatasi mbili, yako bado inapiga chafya!"

"Subiri kesho utaniona," nikamwambia. Kesho yake zilikuwa zinachaguliwa roboti tatu za kwenda kwenye maonyesho, na mie nilitaka iwemo yangu.

Jioni ile baba alitoka kidogo kwenda kuangalia magogo. Nikakumbuka simu mbovu ya mama, ipo kwenye droo pale bandani. Simu ina betri yenye nguvu! Nikaifungua, lakini betri imegandishwa na gundi, haitoki. Nikaitazama patasi ya baba. Bandani kwake kuna sheria moja tu: patasi yake haiguswi.

Nikaigusa.

Nilichokonoa mpaka ikalia kraa! Betri ikatoka, kona moja imekunjika. Ncha ya patasi nayo imemeguka, kama chembe ya chumvi tu. Nikairudisha patasi haraka, nikaunga waya.

Jamani! Roboti ilichachamaa. Ilizunguka meza yote, ikachora karatasi, ikachora mbao, nikacheka peke yangu. Halafu nikanusa kitu. Harufu tamu, kama rangi ya kucha. Nikaigusa betri: ya moto! Na imeanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta.

Nikachomoa waya. Betri haikunywea. Nje nikasikia baba anasalimiana na wenzake. Nikachanganyikiwa, nikafanya kile ninachomwonaga yeye akifanya kwa kitu asichotaka kiharibike. Nikaifukia roboti nzima, na betri yake, kwenye maranda, pembeni ya kinyago.

"Mbona unahema hivyo?" baba akauliza alipoingia.

"Nilikuwa nafagia, baba."

Ijumaa klabu ilianza saa saba na nusu. Madam Avelina akapita meza kwa meza.

"Sesilia, roboti yako iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani, madam."

"Imelazwa wodini!" Fakihi akadakia.

Madam hakucheka. Alisimama mbele akatuonyesha picha kwenye simu yake. Betri imevimba, tumbo kama andazi. Kama yangu kabisa!

"Nisikilizeni nyie," alisema. "Nimesikia kuna watu wanatafuta betri za simu. Hizi si kama za saa. Ikitobolewa au ikikunjwa, inaweza kukaa kimya hata siku nzima, halafu ikawaka yenyewe. Ukiona imevimba, ukasikia harufu tamu, usiiguse, usiifiche, mwite mtu mzima. Na isikae karibu na karatasi, nguo, wala maranda."

Maranda. Nikisema, suala la patasi litajulikana. Nisiposema... Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane kasorobo. Saa nane baba anakula. Anakula amekaa juu ya kasha!

Nikasimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Madam! Betri iko kwenye maranda! Baba anakalia!"

Madam hakuuliza mara mbili. Akapiga namba ya baba niliyomtajia. Ikaita, ikaita, ikakata.

"Akiwa na kazi hasikiagi simu!" nikasema, machozi yananitoka.

"Twende!"

Tulikimbia. Madam alivua viatu akavishika mkononi, Fakihi nyuma yetu. Njia ya dakika kumi, lakini siku ile niliiona kama haiishi. Nikaona moshi mbele. Kumbe wa muuza chipsi. Nikaona mwingine, wa mishkaki. Kila moshi nilidhani ni baba.

Tulimkuta amekaa juu ya kasha, sahani ya wali maharage mapajani.

"Sesi? Mmetoka mapema?"

"Baba, ondoka hapo! Kuna betri, inaungua!"

Akatazama chini. Kwenye upenyo wa mfuniko, moshi mwembamba kama uzi ulikuwa unatoka. Aliruka, wali ukamwagika. Akafunua kasha, akanyoosha mkono kukifuata kinyago chake.

"Baba Sesilia, usiingize mkono!" Madam akapiga kelele.

Baba akanyakua tezo lake la kuchongea. Akaikokota roboti kwa ule mkunjo wa tezo, akaitupa nje kwenye mchanga. Haikumaliza hata kubingirika. Fuuu! Moto mweupe ukaruka juu, unalia fsss kama nyoka. Watu wakakimbia huku na huku. Fakihi akawa anarusha mchanga kwa sahani ya baba, baba anamwagia maji maranda yaliyokuwa yanafuka.

Moto ukazimika. Nikamsogelea baba.

"Baba, nilikudanganya jana," nikasema. "Sikuwa nafagia. Na patasi yako..."

"Patasi nimeiona tangu asubuhi," akasema. Alikuwa anahema. "Nikasema nimsubiri aje mwenyewe. Kumbe nimekalia moto. Na mie nimekosea, nilitakiwa nikuulize."

Jumamosi nzima niliinoa ile patasi kwenye jiwe, mpaka viganja vikaniwaka. Jumatatu Madam alinipa nafasi nyingine na betri ya saa. Roboti yangu mpya ilitembea taratibu vilevile, ikachora miduara midogo ndani ya miduara mikubwa, kama ile unayoiona gogo likikatwa. Fakihi akainama kuitazama.

"Kumbe malaria inachora vizuri," akasema. Ilichaguliwa ya tatu.

Jioni baba akaibandika ile karatasi ukutani, juu ya kasha. Halafu akakitoa kinyago. Joto lilikuwa limempasua begani yule mtu wa chini kabisa, anayebeba wenzake wote. Ufa mwembamba kama unywele.

"Huyu akipasuka, kumi na sita wa juu wanaanguka naye," baba alisema. "Ufa nikiuona ukiwa mdogo, nauziba kwa nta. Ukiufunika na maranda hautulii, unatembea. Na kosa liko hivyohivyo, mwanangu. Ukiharibu, njoo useme likiwa bado dogo."

"Hata kama utagomba?"

"Nitagomba, ndiyo. Halafu tutaziba."

Akanipa nta mkononi, akanisogezea kile kinyago.