Saini za Jumapili Ijayo

Mofini waliyodungwa wagonjwa wa hospitali ya Mulgadoon ilikuwa maji ya chumvi.

Miezi saba. Hakuna aliyestuka, maana kwenye karatasi kila kitu kilikuwa safi.

Nerida Cusack alistuka ndani ya nusu saa. Kitambulisho shingoni kilimtaja kuwa mkaguzi wa ubora kutoka Sydney. Bastola ya Glock iliyofichwa chini ya koti ilimtaja vizuri zaidi. Alikuwa jasusi, na aliwinda genge la kigeni lililokuwa likifyonza dawa kali kutoka hospitali za bara na kuzitorosha kwa ndege ndogo.

"Mia kwa mia, mara mbili mfululizo," alisema mkurugenzi, Philippa Strang, akigonga cheti ukutani. "Chai? Kuna keki ya nazi."

Nerida alikitazama cheti kama mtu anavyotazama inzi kwenye maziwa.

"Daftari la dawa za hatari. Nilione."

Kanuni ni nyepesi. Kichupa kikitoka kwenye kabati la chuma, mmoja anasaini kuwa ametoa, mwingine anasaini kuwa ameona. Ilikuwa Jumanne. Safu ya mashahidi ilikuwa imejaa mpaka Jumapili.

Jumapili ijayo.

"Nani kashuhudia ya keshokutwa?"

Sista Oonagh Pell, msimamizi wa wodi, alicheka huku akipuliza chai yake. "Bibie, usitutie presha. Huku tunaaminiana. Kila Jumatatu kwenye chai tunapigiana saini za wiki nzima. Yaliyobaki anajaza mfamasia wetu, Lachie. Mtu poa sana yule. Krismasi anatuletea ndoo nzima ya kamba wa baharini."

"Kwa hiyo mnashuhudia hewa."

"Tunashuhudia udugu, mama."

"Udugu," Nerida alisema, kama anayetema mbegu.

Kitanda cha sita alilala Merv Tindale, mkata manyoya ya kondoo wa zamani. Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Chati yake ilisema maumivu ni moja kwa kumi. Moja. Moja. Moja. Kila baada ya saa nne, mwandiko uleule, wino uleule.

Merv alikuwa ameuma shuka mpaka limechanika.

"Mzee, sindano zinasaidia?"

"Zinasaidia nini, binti? Miaka arobaini nimepigwa mateke na kondoo dume. Yale yalikuwa mabusu." Akavuta pumzi. "Wanasema eti nimezoea dawa. Mwanangu anafika leo jioni kutoka Perth. Nataka moja tu ya kweli, asinikute nalia."

Simu ya Nerida ikatetema.

Asubuhi alikuwa amepachika kipimajoto kidogo kama kifungo cha shati, chenye kuonyesha pia mahali kilipo, kwenye friji ya famasia, ndani ya boksi lililoandikwa "chanjo za kurudishwa". Boksi hilo lilirudishwa kila mwezi. Chanjo gani inarudishwa kila mwezi?

Kioo cha simu kilisema nyuzi tano.

Kumi na tisa.

Thelathini na nane.

Chanjo ikipita nyuzi nane imekufa. Mfamasia analijua hilo hata akiwa amelewa. Anayeibeba juani bila barafu hajabeba chanjo.

"Kituo, Kunguru hapa," Nerida alisema simuni. " Mzigo unatembea."

"Unaelekea wapi, Kunguru?"

"Kaskazini. Uwanja wa ndege."

"Leo hakuna ndege."

"Ipo moja."

"Izime."

Hilux yake ilikula kilomita sita za vumbi jekundu kwa dakika nne. Ndege ndogo, Cessna nyeupe, ilikuwa tayari inazungusha rafadha. Lachlan Brodribb, yule mfamasia Lachie, alikuwa anakimbilia mlango wake na kasha la buluu mkononi.

"Weka chini!"

"Mama mkaguzi! Narudisha chanjo tu! Karatasi zote ninazo, zimesainiwa!"

"Sina shaka."

Rubani mgeni akatoa mtutu dirishani.

Risasi mbili za Glock. Ya kwanza ilimpata rubani begani. Ya pili ilipasua gurudumu la mbele. Ndege ikainama, ikala vumbi kwa pua.

Brodribb akadondosha kasha. Vichupa vya mofini, safu kwa safu, halisi kabisa.

"Wale wanakufa tu, dada," alisema mikono juu. "Maiti itamshtaki nani?"

Nerida alimsukuma mpaka kwenye gari. Alimfunga pingu kwenye chuma cha mbele cha Hilux, kilichokuwa na moto wa kukaanga yai, akamwacha hapo ajifunze habari za joto mpaka polisi walipofika.

Nerida aliporudi na kasha, mlangoni mwa wodi Strang alikuwa amesimama, mikono ameitanua.

"Hazitumiki hizo! Zimetoka nje ya joto linaloruhusiwa. Viwango vyetu..."

"Miezi saba mmewadunga maji. Leo ndiyo unanisomea kipimajoto?"

Alimpigia daktari wa zamu, akaweka spika. "Nusu saa ya jua haiui mofini," sauti ilisema. "Mpeni mzee."

Vichupa vingine vyote vilibaki kuwa ushahidi. Kimoja Nerida aliandika daftarini kuwa amekitoa, akampa Pell.

"Muite mwenzako. Safari hii muangalie kwa macho."

Pell alikiinua kichupa kwenye mwanga. Alisoma jina la mgonjwa kwa sauti. Dawa. Kipimo. Saa. Mwenzake akasoma tena, kisha akasaini. Ilikuwa saini ya kwanza ya kweli kwenye daftari lile tangu mwaka uanze.

Dakika kumi baadaye Merv aliachia shuka.

Nerida alivaa miwani ya jua, akatoka. Keki ya nazi hakuigusa.

Ripoti yake ilikuwa na mistari minne.

Vichupa vya maji, elfu moja mia moja na sabini na nane.

Saini za uongo, idadi ileile.

Wagonjwa, thelathini na mmoja.

Waliokufa wakiuma shuka, kumi na saba, na chati za wote zinasema moja kwa kumi.