Sisi Tumefunga, Kitu Kinakula

Usiamini. Tena nakuomba kabisa usiamini, maana walioamini harakaharaka ndio walioliwa katika habari hii. Kaa hapo na ujanja wako, sema huyu kijana anatunga. Mimi shule niliiacha kabla hesabu hazijaanza kuchanganywa na herufi, na tangu siku hiyo kalamu naishika nikitaka kukuna sikio. Sasa jiulize: mtu mwenye mdomo wa kumuuzia chura maji, kwa nini ahangaike kuandika? Jibu utalipata. Usinikimbize.

Kazi yangu ni sauti. Spika, nyaya, mashine zenye vitufe vingi mpaka mgeni anadhani ndege inataka kupaa. Hakuna harusi wala msiba wa maana mtaani kwetu ambao haukupita mikononi mwangu. Mafundi wengine wanaunganisha waya. Mimi nikiushika tu unajua mwenyewe pa kwenda. Bisha.

Kanisani nilikuwa nafanya bure, si kwa ajili ya wokovu, ila Shangazi alisema, na Shangazi akisema ni kama ukuta umesema. Ni dada wa marehemu baba. Alinichukua nikiwa wa kubebwa mgongoni, baada ya mama yangu kuondoka bila kuaga. Ni fundi cherehani. Uzi haukati kwa mkasi, anaukata kwa meno, mpaka jino lake la mbele limepata kijipengo. Nikimuuliza mama alikwenda wapi, anauma uzi. Nimekua nikiujua mlio ule, tk, kama watoto wengine wanavyojua hadithi za usingizi.

Jengo la kanisa zamani lilikuwa ghala la saruji. Ukipiga kofi ukutani linatoka vumbi, na waumini walikuwa wamepungua hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka Jumapili viti vya plastiki vinaangaliana vyenyewe. Ndipo Mchungaji, mrefu, mwenye ule upole unaokera, akatangaza mfungo. Hakuna kula mpaka jua litue, na kila mchana ni toba. Uamsho hauji, alisema, kwa watu waliofunga tumbo huku moyo umeshiba uchafu. Kila mmoja ataungama kwa mdomo wake.

Mwanzoni alitaka waungame mbele ya wote, spika zikinguruma. Kanisa likanyamaza. Hata wenye kikohozi walipona. Basi wakapatana hivi: anayetubu atapiga magoti nyuma ya madhabahu mbele ya maiki, kwa sababu mtu akiwa na maiki hawezi kumung'unya maneno, ila spika zitazimwa. Na waumini wote watageuka, watazame mlangoni, wampe mgongo, huku wakiguna wimbo mdomo ukiwa umefungwa.

"Atakayegeuka," Mchungaji alisema, "atabeba lisilo lake."

Walisahau kitu kimoja. Spika ukizizima, sauti bado inafika kwenye mashine. Mashine ina tundu la hedifoni. Na hedifoni zilikuwa masikioni mwangu.

Nilisikia yote, na usinikunjie uso, hata wewe ungesikiliza. Muuza nyama alikuwa anakandamiza mizani kwa kidole. Msusi alimzushia dada yake uongo mpaka ndoa ya dada ikavunjika. Asubuhi moja nikapita buchani. "Shikamoo mzee. Kidole gumba hakijambo?" Alishika kisu akasahau anachotaka kukata. Nilicheka njia nzima. Nilimchukia yule mzee, nilichukia lile kanisa zima, watu wanaonuka mdomo kwa njaa wanaoniombea mimi kana kwamba ndimi ninayeumwa.

Sasa sikiliza vizuri.

Msusi alipokuwa anaungama, chini ya sauti yake kulikuwa na mlio. Nikadhani ni waya. Nikabadilisha waya. Kesho yake kwa muuza nyama, mlio ule ule, mkubwa zaidi. Nikabadilisha maiki, nikaweka yangu ya nyumbani ambayo haijawahi kunisaliti. Akaja mwingine, akapiga magoti, akaanza kulia. Nikausikia safi kabisa.

Ulikuwa wa kutafuna. Polepole, mdomo umefungwa, kama mtu mwenye adabu mezani.

Kanisa zima lina njaa, na pale mbele kuna anayekula.

Siku zile za mwanzo kilikuwa bado kinameza polepole; siku mbili tatu baadaye nikapita tena buchani. "Kidole gumba, mzee?" Akatabasamu kama mtoto aliyeogeshwa. Hakuelewa. Alikuwa amesimama mbele ya mizani yake, anaizunguka, anaigusa. "Kijana," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hiki ni cha nini?" Bucha likafungwa wiki ile ile. Yeye yuko kanisani anacheza, uso unang'aa.

Msusi nilimwona barabarani. Dada yake alimwita kwa mbali, mikono wazi, kumbe alikuwa anataka wapatane. Msusi akamtazama kwa huruma. "Samahani mama," akasema, "umenifananisha."

Watu wakasema hao ndio waliofanywa wapya. Habari ikaenea. Wakaja wa mitaa mingine, viti vikaisha, wengine wakasimama madirishani, wote wanataka wepesi ule. Uamsho ulikuwa umekuja kweli, hilo silikatai. Mchungaji alilia kwa furaha. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kile kitu hakili dhambi tupu. Kinakula na kila kilichoshikana nayo. Mizani ikaenda na kidole. Dada akaenda na uongo.

Nikamfuata mzee wa kanisa, yule tunayemwita Kufuli kwa sababu ya funguo kiunoni na roho yake. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho.

"Umesikia wapi?"

"Kwenye hedifoni."

"Kumbe ni wewe." Alisema taratibu. "Watu wanaongea na Mungu, na wewe umekaa katikati."

"Mzee, kuna kitu kinakula pale."

"Kinachokula ni masikio yako, mwana wa nyoka."

Kesho yake hakuna aliyeitikia salamu yangu. Nikipita, wanavuta viti pembeni kama amepita mbwa aliyeoga mtaroni. Mama mmoja alitema mate nyuma ya kisigino changu, akaendelea na wimbo. Hawakunifukuza kwa sababu mbili: Shangazi aliwaomba, na hakuna mwingine aliyejua kuiwasha ile mashine. Lakini kila walipogeuka kutazama mlangoni walikuwa wananitazama mimi, maana mashine iko karibu na mlango. Umewahi kutazamwa na watu mia wenye njaa, midomo imefungwa, wanaguna?

Jioni moja nikamkuta Shangazi kwenye cherehani. Amekonda, kastabini imelegea kidoleni.

"Kesho zamu yangu," akasema.

"Usiende."

"Baba, jambo hili nimekaa nalo tangu uko mgongoni."

"Linanihusu?"

Akauma uzi. Tk. "Linamhusu mama yako. Na wewe."

Nikapiga magoti. Mimi, ninayejulikana mtaa mzima kwamba sipigi magoti hata nikitafuta msumari. Nikamwambia habari za mizani na za msusi. "Shangazi, dhambi yako ni mimi. Ukiitamka pale, kitanila na mimi. Utanisahau."

Akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Nikusahau wewe? Nani sasa atanimalizia sukari?"

"Basi niambie hapa. Mimi ndiye uliyenikosea."

"Nikishatubu nitakwambia yote. Leo nikikwambia utanichukia, na mimi nimefunga, sina nguvu ya kuchukiwa." Akanishika kidevu. "Niache nitue mzigo, mwana wa kaka yangu."

Sina mtu mwingine duniani. Naomba hilo ulishike. Sina baba, mama simjui, ndugu sina. Nilikuwa na mwanamke mmoja mwenye jino bovu, basi.

Mchana ule bati lilikuwa linalia kwa jua. Shangazi alipita katikati ya viti, kitambaa kichwani, hajanitazama. Watu wakageuka. Mguno ukaanza.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Waya wa maiki unaingia kwenye mashine upande wangu. Nikisikia tafuno la kwanza, nauchomoa. Nikaushika.

Nikasikia magoti yakigusa sakafu. Pumzi. Kisha sauti yake. "Baba wa mbinguni. Ni kuhusu yule mtoto."

Tafuno.

Nililisikia mkononi kabla ya masikioni. Waya ulikuwa unatetemeka. Polepole. Kwa adabu.

Nikainua kichwa. Ndiyo, nilitazama kule tulikokatazwa. Shangazi amepiga magoti, macho amefumba. Mbele yake maiki juu ya kisimamio chake. Hakuna kingine. Ila kisimamio kilikuwa kimeinama. Kimemwinamia yeye.

Nikavuta. Mkono ukanishika shingoni kwa nyuma. Kufuli. Akanibana ukutani, funguo zake zinanichoma mbavu, ananinong'oneza, "Muache atubu." Nikapigana. Nikauma. Nilipojinasua na kuchomoa waya, mlio ulikuwa umeshabadilika.

Kilikuwa kimemeza.

Shangazi akasimama. Alikuwa mzuri, nakuapia. Miaka ishirini imemtoka usoni. Akaja kati ya viti, watu wanamkumbatia, na mimi nikamshika mkono.

"Shangazi."

Akanitazama vile unavyomtazama mtoto wa watu sokoni. "Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Wa kaka yako."

"Masikini," akasema, akanipapasa bega. "Kaka yangu hakuacha mtoto."

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba changu, anashangaa, anauliza majirani ni nani alikuwa analala pale. Nikahama. Siku hizi ana furaha, ndiye anayeanzisha nyimbo. Nilipeleka suruali anipunguzie, akanipima kiuno kama mteja mwingine yeyote. Kanisa limejaa mpaka uani. Wamepata maiki nyingine na fundi mwingine, bahati yake hana masikio kama yangu.

Maiki yangu niliondoka nayo. Iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Ile kofia yake ya wavu wa chuma, ambayo hata nyundo inahangaika nayo, ina alama za meno, safu ya juu na safu ya chini. Wavu haukubonyea kuingia ndani. Umetutumka kuja nje. Aliyeuma, aliuma kutokea ndani. Na kwenye safu ya juu, jino la mbele lina kijipengo.

Hapo ndipo nilipotaka kukomea. Wengine nimewasimulia mpaka hapo, wakanionea huruma, wakaninunulia soda.

Lakini kuna kipande nimekiruka.

Kufuli hakunishika. Kufuli alikuwa amesimama mstari wa mbele akitazama mlango, macho amefumba, anaguna kama wenzake. Kama angefumbua angeniona, ila hakufumbua. Hakuna aliyenishika. Lilipokuja tafuno la kwanza waya ulikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu ulikuwa mzima.

Shangazi alisema, "Mama yake hakuondoka."

Alisema, "Mama yake hakuondoka, mimi ndiye," kisha kile kitu kikatafuna juu ya neno lililofuata.

Nami badala ya kuvuta, nikaongeza sauti.

Akasema jina langu. Kikatafuna. Akasema kisima, au kitu kama kisima. Kikatafuna. Nikaongeza tena, mpaka kitufe kikagota, nikajikandamiza hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili. Yote miwili, umeelewa? Waya nilikuwa nimeuachia, umelala chini. Nilimsikia Shangazi wangu akiliwa mpaka tonge la mwisho kwa sababu nilitaka kujua, na sikujua, kwa sababu kilikuwa kinatafuna kwa nguvu mno.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Najua dawa yake, nimeiona ikifanya kazi. Nipige magoti, nitamke kwa mdomo, niamke mwepesi. Lakini ikiliwa itaondoka na kila kilichoshikana nayo: cherehani, kicheko cha puani, mgongo ulionibeba, jino. Yeye ameshanisahau mimi. Nikimsahau na mimi, hakutabaki mtu duniani anayejua kwamba sisi wawili tuliwahi kuwa ndugu.

Ndiyo maana nimeandika, mimi na mwandiko wangu huu wa kuku. Kwa mdomo kipande hiki sijawahi kumwambia mtu.

Na wewe, kama uko peke yako hapo, tafadhali usiisome kwa sauti.