Uji wa Mchana wa Ramadhani

Kila asubuhi ya mwezi ule wa Ramadhani, watoto wa mtaani kwao Ng'ambo walipita wakienda skuli, na Nadra akabaki kitandani kalishika shavu. Alikuwa ameng'olewa gego bovu lililomnyima usingizi tangu Shaabani. Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa fundi cherehani huko Darajani, na nguo za Sikukuu hazimsubiri mtu. Kabla ya kutoka alimwachia uji kwenye chupa ya chai, na vidonge juu ya kisahani.

"Daktari kasema asubuhi, mchana na usiku, na usimeze tumbo tupu," alisisitiza. "Wewe mgonjwa, huna saumu. Utailipa baadaye. Umenisikia?"

"Nshasikia, mama."

Kusikia alisikia. Kutii ndiko kulikomshinda.

Nadra alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo alinuia kufunga mwezi mzima. Mama alishamtangaza kwa majirani wote. Halafu Rukaiya, rafiki yake wa nyumba ya pili, akachungulia dirishani akacheka, "Kobe huyo! Kobe!" Ndivyo watoto wanavyomwita anayekula mchana wa Ramadhani. Mwenyewe alitania tu, akaenda zake skuli. Lakini neno lile lilibaki chumbani na Nadra kutwa nzima.

Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na jiko lililowashwa wala kijiko kilicholia, mtaa mzima umefunga. Nadra akamimina uji kwenye bakuli, akaona haya kama anayekula mbele za watu, na hapakuwa na mtu. Nikifunga, aliwaza, angalau nitakuwa pamoja nao. Basi akautoa uji uani, paka wakaunywa wakajilamba. Vidonge akavifukia kwenye chungu cha mrehani.

"Dawa umekunywa?" aliuliza mama aliporudi.

"Nshakunywa."

Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Wakati wa futari upweke ulizidi. Mama na kaka zake, waliokuwa makazini kutwa, walikaa mkekani wakila mihogo ya nazi na sambusa, wakicheka, na yeye kinywa hakifunguki, anakunywa mchuzi kwa kijiko. Maumivu yalimchoma mpaka sikioni, lakini amwambie nani? Akisema anaumwa, ataulizwa dawa.

Haikuchukua muda shavu likavimba, na homa ikamshika. Mama alipoliona alipandwa na hasira.

"Daktari gani yule! Kamharibu mwanangu!"

Wakaenda moja kwa moja kwa Daktari Talib, aliyeling'oa lile gego. Nadra alimwamkia, "Shikamoo," kwa tabu. Daktari akaitikia, akamtazama kinywani, akakunja uso.

"Kidonda kimefanya usaha. Dawa anakunywa?"

"Zote," alijibu mama.

"Basi hizi hazimfai. Itabidi alazwe, tumpige sindano zenye nguvu zaidi. Una hakika lakini?"

"Wallahi, daktari, mwanangu hajakosa hata kidonge kimoja!"

Nadra alishtuka. Mama yake, na saumu yake kinywani, anaapa kwa ajili ya uongo wake!

"Usiape, mama!" alilia. "Vya mchana sikunywa, wala vya asubuhi. Vidonge nlivifukia kwenye chungu cha mrehani, uji nliwapa paka."

Mama alibaki kamtumbulia macho. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nliona haya kula peke yangu. Nyote mmefunga, mimi niko peke yangu tu, kutwa nzima."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema daktari. "Bahati yako umesema. Tutakisafisha, uanze dawa hizo hizo upya, na safari hii uzimeze wewe, si chungu wala paka."

Mama akamtaka radhi daktari.

Siku ya pili mchana, mlango ulifunguliwa. Mama alikuwa ameiacha cherehani, midomo imemkauka kwa saumu. Akakaa mkekani, akamimina uji.

"Kunywa, mwanangu. Nipo."

Nadra akanywa, machozi yakimtoka.

"Ruhusa ya mgonjwa kaitoa Mwenyezi Mungu mwenyewe," alisema mama taratibu. "Wewe uji umejinyima, uongo hukujinyima. Saumu gani hiyo? Na mimi nlikosa kukutangaza kwa watu. Siku nyengine ukiumwa, sema. Na ukiwa mpweke, sema vilevile, maana siwezi kukaa nawe katika jambo nisilolijua."

Akasubiri pale pale mpaka bakuli likaisha, kisha akampa kidonge.