Chupa Aliyoifukiza Anisa

Kila asubuhi kabla ya shule, Anisa aliosha vibuyu vya maziwa kisha akavifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto. Nyumbani kwao Chechelesi, chombo hakikuitwa kisafi kabla ya kunuka moshi.

Wiki hiyo alikuwa na wasiwasi. Ndani ya midomo yake vilikuwa vimeota vinundu saba laini. Shuleni, mwanafunzi mwenzake Gacheri alikataa kumpokeza kikombe.

"Wewe unywe kwa mkono," alimwambia. "Huo mdomo umeota uyoga."

Mama yake, Madina, aliogopa zaidi, na hofu yake ilikuwa ya miaka kumi na mmoja. Kaka yake Madina, Jattani, aliwahi kuota uvimbe mdomoni. Kipande kilitumwa Nairobi kupimwa. Majibu yalirudi mwezi wa tano. Jattani walikuwa wamemzika mwezi wa nne. Hakuna aliyekuja kuomba msamaha.

Safari hii Madina alibisha kila mlango hadi akapata maabara inayopima vipande kama hivyo mjini Isiolo, bila kuvituma Nairobi. Ijumaa, daktari wa meno alimdunga Anisa ganzi, akakata kinundu kimoja na kukitia katika chupa yenye maji ya dawa.

"Nadhani ni virusi tu, lakini tusikisie," alisema. "Kipelekeni maabara."

Hakueleza zaidi. Walipofika, maabara ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu.

Nyumbani, Anisa alifungua ile chupa. Dawa ilimchoma pua. Hii si safi, aliwaza. Akaimwaga, akaifukiza chupa vizuri kama alivyofunzwa na nyanya yake, akarudisha kinundu ndani ya maji yaliyochemshwa.

Jumatatu mpimaji, Salesio, aliifungua chupa na kuifunga haraka. "Mama, hii imeoza. Haipimiki."

"Imeoza mikononi mwa nani?" Madina aliuliza. "Watu kama nyinyi walimfanyia kaka yangu hivi. Leo ni mtoto wangu. Sitoki hapa."

Wagonjwa kwenye benchi wakaanza kunung'unika. Mmoja alitoa simu, akaanza kumpiga Salesio picha. Anisa alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Alivuta buibui la mama yake.

"Mama, ni mimi. Dawa ilinuka, nikaimwaga. Nikafukiza chupa kama kibuyu."

Madina aliketi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Umefanya vizuri kusema," Salesio alimwambia Anisa. "Dawa ile hunuka, lakini ndiyo huzuia nyama kuoza. Bado una vinundu sita. Daktari akate kingine leo, mniletee moja kwa moja."

Wakafanya hivyo. Kwa siku nane za kazi Madina alipitia maabara kila asubuhi kuuliza. Siku ya tisa majibu yakatoka: ni virusi, si saratani. Vinundu vingekwisha polepole vyenyewe; ili visiwaambukize wengine, kila mtu nyumbani atumie mswaki na kikombe chake.

Madina alimshika bintiye bega. "Ungenyamaza, ningemharibia jina mtu asiye na kosa, na ugonjwa wako tusingeujua. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usipoelewa kitu, uliza kabla hujakigusa."

Kisha akamgeukia Salesio. "Nisamehe, daktari. Lakini na nyinyi mnaojua, semeni. Chupa ile haikuwa na neno hata moja. Andikeni: usimwage. Na muandike kwa Kiborana pia, lugha ya kwetu."

Salesio hakukijua Kiborana. Alimpa Anisa kalamu.