Kidumu Chenye Kitambaa Chekundu

Siku ya gulio watu walijaa kwenye duka la spea la Salimu, Korogwe mjini, kiasi kwamba Faudhia aliwahudumia kwa kuangalia mikono, si nyuso. Mkono wenye chujio la dizeli. Mkono wenye mkanda wa feni. Kisha ukaingia mkono wenye leso nyeupe, imekunjwa kwa adabu kama ya msibani.

"Ndani kuna nini, kaka? Maiti?"

"Mpira wa breki. Ila ni kweli umekufa."

Faudhia akainua macho. Alikuwa kijana mrefu, amevaa ovaroli ya bluu iliyompwaya mabegani, ya mtu aliyekuwa mnene kuliko yeye. Aliitwa Sufiani, wa Manundu. Ovaroli ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Hussein, na pikapu iliyoegeshwa nje nayo ilikuwa ya mzee. Pikapu ya dizeli, milango imeliwa na kutu, mita yake imesimama kwenye kilomita laki nne na sitini elfu. Mita ilikuwa imechoka, lakini gari lilikuwa bado linatembea. Kofia ya mzee ilikuwa mbele ya kioo, pale pale alipoiacha kabla ya kulazwa.

"Fundi wako nani?" Faudhia aliuliza, akimpimia mpira mpya.

"Alikuwa baba. Sasa ni mimi."

Jioni ile Sufiani alipiga simu kuuliza kama mpira ule una dhamana. Faudhia akacheka, kwa sababu duka lile halijawahi kumpa mtu dhamana ya kitu chochote. Kesho yake akapiga tena, bila sababu.

"Umekula?" Faudhia akamuuliza.

"Nimekula moshi wa dizeli."

"Basi usipige miayo karibu na jiko la mama."

Miezi miwili ikapita hivyo. Faudhia alikuwa Mzigua wa Mazingara, Handeni, amepanga chumba mjini. Alianza kujipaka manukato kwenda kuuza grisi. Sufiani alianza kununua nati moja moja.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na vidumu viwili vyeupe vya mafuta ya kupima, mafuta yote mawili yana rangi ya asali. Kimoja kilikuwa cha mafuta ya breki, kimefungwa kitambaa chekundu shingoni. Cha pili kilikuwa cha haidroliki ya matrekta, kitambaa cha kijani. Faudhia alipenda usafi. Ijumaa jioni alivifungua vitambaa akavifua. Jumamosi asubuhi akavirudisha, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Leo umevaa nini?"

"Gauni la kijani."

"Nakuja kuliona. Unipimie na mafuta ya breki, nusu lita. Nimebadilisha mipira yote, kesho natoa upepo kwenye mabomba ya breki."

"Utatoa na nani? Kazi ile ni ya watu wawili."

"Pedali alikuwa anakanyaga baba," Sufiani akasema.

"Nitakuja kukanyaga mimi."

Akakaza fundo la mwisho. Chekundu kilikuwa kwenye haidroliki. Hakuna aliyeona, hata Sufiani alipokuja kuchukua nusu lita yake.

Jumapili alifika Manundu na gauni lile lile la kijani na mtandio wa njano. Mama yake Sufiani, Bi Hamisa, alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio yuko chini ya gari. Siku hizi namjua kwa nyayo."

Faudhia akaketi kwenye usukani, mguu kwenye pedali. Sauti ya Sufiani ilitoka uvunguni.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia."

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kila nati ilipofunguliwa, mafuta ya zamani yalitoka meusi yakifuatwa na mapya, rangi ya asali. Pedali ikapanda, ikawa ngumu.

"Mnajibizana kama mnafungishwa ndoa," Bi Hamisa akasema, na wote wakacheka.

Ilikuwa saa nzuri. Labda ndiyo maana Faudhia alisema alichosema. Alikuwa ameona sakafu ya gari, mashimo yanayoonyesha ardhi.

"Sufi, ungeliuza hili. Kwa vyuma chakavu tu. Siku moja litakuua."

Sufiani alitoka uvunguni polepole. "Unamsema baba yangu."

"Nasema gari."

"Kwangu ni kimoja."

Hakumsindikiza. Jumatatu Sufiani alipanda milimani Vugiri kufuata kabichi bila kumpigia; Faudhia alisikia kwa Bi Hamisa.

Jumanne asubuhi Filemoni, dereva wa trekta, aliweka chupa juu ya kaunta.

"Dada, hii haidroliki gani? Tone limeanguka kwenye boneti, rangi imebanduka kama ngozi ya nyoka."

Faudhia alijua mafuta yanayobandua rangi ni ya breki. Alichukua kikombe cha maji, akadondoshea tone kutoka kidumu chenye kitambaa chekundu. Mafuta ya breki huchanganyika na maji. Tone lile lilielea, likatanda, likamtazama kama jicho.

Tangu Jumamosi ni mtu mmoja tu aliyenunua mafuta ya breki. Mafuta yasiyo yake huvimbisha mipira. Hayaui siku hiyo hiyo. Breki hukamata na kukataa kuachia, magurudumu huwaka, kisha pedali huzama bila kitu. Na barabara ya Vugiri ni mteremko na kona mpaka chini.

Alipiga simu. Iliita, haikupokelewa. Akapiga mara ya pili, ya tatu. Ya nne haikupatikana.

"Acha," Salimu alisema taratibu, akifunga mlango wa stoo. "Hilo gari ni kaburi lenye matairi. Likianguka, nani atauliza mafuta? Ukisema, umejifunga mwenyewe na umelifunga duka langu."

Faudhia akaandika: Usishuke. Mafuta niliyokuuzia si ya breki. Kosa ni langu. Akatuma. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta kati ya vidumu viwili.

Bodaboda wa kwanza aliyemwona alikuwa Iddy. "Vugiri? Mbona mbio hivyo, dada?"

"Wewe twende."

Walipanda. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mashamba. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kabichi moja ilitokea mbele yao, peke yake, inabingirika katikati ya barabara. Ikawapita. Ikaja nyingine, imepasuka. Iddy alipunguza mwendo.

"Hiyo harufu si ya mkaa," alisema.

Ilikuwa harufu ya mpira na chuma kilichoungua. Faudhia alishuka kabla pikipiki haijasimama, akakimbia kwenye kona, mtandio ukabaki njiani.

Pikapu ilikuwa imeegemea ukingo, jiwe kubwa mbele ya kila gurudumu, moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu. Magunia yalikuwa chini, moja limechanika. Sufiani alikuwa ameketi juu ya lingine, amefunga kiganja kwa leso nyeupe.

Mzee Hussein alikuwa na desturi moja: kila baada ya mteremko mfupi alisimama, akazunguka gari, akashika magurudumu yote manne kwa kiganja. Watu walimcheka. Mwanawe alifanya vivyo hivyo asubuhi ile, na gurudumu la kwanza lilibaki na ngozi ya mkono wake.

"Nimekuuzia haidroliki," Faudhia akasema. Pumzi ilikuwa haimtoshi. "Nilifunga vitambaa vibaya."

"Nimeshanusa." Hakumtazama. "Jumapili unaniambia niliuze. Jumanne breki zinakufa. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Unadhani nilikusudia?"

"Sijui nadhani nini. Simu yangu ilikuwa chini ya kiti, na sasa imezimika. Ulipiga?"

"Nilipiga. Nimeandika. Ukiwasha utaona."

Sufiani alishuka Korogwe kwa lori la mtu mwingine, pikapu ikaja kuvutwa baadaye. Faudhia akarudi na Iddy.

Zikapita siku kumi na sita. Faudhia hakuwa na kazi. Sufiani alitoa mipira yote, akaosha mabomba, akafunga upya, kidonda kikimuuma. Kisha akaketi kando ya gari akikumbuka kwamba hakuna mtu wa kukanyaga. Mama yake alikuwa na goti bovu. Alichukua simu, akausoma tena ule ujumbe ambao sasa aliujua kwa moyo. Mtu aliyekusudia asingeandika kosa ni langu.

"Nahitaji mguu," alisema simu ilipopokelewa.

"Wa nani?"

"Wako, mpenzi. Na mimi nina kosa. Baba alinusa kila chupa kabla ya kumimina. Mimi siku ile nilikuwa nanusa manukato yako."

Faudhia alikuja na chupa mpya iliyofungwa kiwandani. Waliinusa wote wawili. Wakadondosha tone kwenye kikombe cha maji, wakasubiri mpaka likapotea kabisa.

"Kanyaga."

Mguu haukushuka. "Naogopa, Sufi."

"Hata mimi. Kanyaga."

Alhamisi moja ya mwezi uliofuata pikapu iliingia Mazingara, imewabeba Bi Hamisa, shangazi wawili na mshenga. Dereva alikuwa Sufiani. Mama mdogo wa Faudhia alipaza sauti kutoka barazani, "Bwana harusi haji na posa yake," na mshenga akajibu, "Huyu ni dereva, hahesabiwi."

Msichana anayeposwa hukaa ndani. Faudhia alitoka. Aliwapita wageni bila salamu, vicheko vikamfuata, akainama kwenye gurudumu la kwanza, akaweka kiganja. Baridi. La pili, baridi. La tatu, baridi. La nne lilikuwa na joto.

Vicheko vikakoma. Sufiani hakusogea. Faudhia aliacha mkono pale muda mrefu, akatazama juu, akaona kwamba gurudumu lile peke yake ndilo lililosimama juani, mengine yako kivulini. Polepole, chini ya kiganja chake, joto likaanza kupoa.

"Shikamooni," aliwaambia wageni. "Karibuni ndani."