Huyo Mwache

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu hupitia bohari la nafaka kumpelekea mjomba wake chupa ya chai. Mtoto huyo ana miaka kumi na miwili, na kwa maneno yake mengi tunamwita Chiriku. Mjomba wake ni mwanangu wa kwanza. Kazi yake ni kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano ndefu iliyopinda kwenye ncha. Gunia likija limejaa, analibana kwa magoti, anapiga mishono yake kumi na miwili, anaacha masikio mawili ya kushikia, basi. Mimi niliwahi kujaribu nikajichoma paja, wapagazi wakacheka wiki nzima. Lakini hilo si la leo.

La leo ni kwamba miaka kumi na moja iliyopita mwanangu huyu aliumwa akili. Alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Alilazwa, akatoka, akarudi, akatoka tena. Sasa anameza vidonge viwili kila jioni na kichwa kimetulia. Wakati ule anaumwa, kukiwa na jambo la kuamua nyumbani, mimi nilikuwa nasema, "Huyo mwache." Nilisema kwa huruma, apumzike. Yeye akapona, neno halikupona. Tupake mlango rangi gani? Huyo mwache, ataona tu. Nani aende kwenye mkutano wa mtaa? Huyo mwache. Chiriku amekua akilisikia hilo kama anavyosikia jogoo.

Mwaka huu wakaja watu wa kuandikisha wapiga kura, wakakaa siku sita kwenye darasa moja la shule. Mwanangu akaja kwangu amechana nywele.

"Baba, nataka kujiandikisha. Chaguzi mbili zimenipita niko wodini."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini goti langu lilikuwa limevimba, nikamwambia Chiriku amsindikize. Mjomba mtu akavaa shati lake jeupe, la mikono mirefu. Kitambulisho alikishika mkononi njia nzima, hakutaka kukitia mfukoni.

Kwenye foleni walikuwepo wasichana wa darasa la Chiriku, wameletwa na mama zao. Mmoja akamwambia, "We Chiriku, huyo ndiye mjomba wenu wa zile sauti? Leo zimemwambia akapige kura?" Wakacheka. Chiriku akasogea pembeni kidogo, kama hawajaja pamoja.

Zamu ikafika. Karani, kijana tu, hakumtazama mwanangu. Alimtazama mtoto.

"Na huyu naye?"

Chiriku akasema, "Huyo mwache."

"Kwa nini, ana shida ya akili?"

Mtoto akainamisha kichwa, wasichana wale wakisikia. Karani akasema, "Hapa tunaandika wenye akili timamu. Anayefuata."

Mwanangu hakubishana. Alirudi nyumbani, akavua shati lile, akalikunja vizuri, akalala akitazama ukuta. Kesho yake hakwenda kazini. Jioni nikampelekea vidonge na maji, akavisukuma kando.

"Nimeze vya nini, baba? Nikiumwa naachwa, nikipona naachwa. Si bora nisijisumbue."

Jioni ya pili ikawa vilevile. Hapo nikaogopa. Mimi namjua mwanangu akikosa dawa siku tano, sita. Siku moja nilimtoa kisimani, maji yamefika kifuani, anaitikia mtu ambaye hayupo. Na kuandikisha kulikuwa kunafungwa kesho yake saa kumi.

Nikamwita Chiriku uani. "Niambie kilichotokea kule shuleni."

Akanieleza yote, analia, kamasi mpaka mdomoni. Nikamuuliza, "Kwa nini ulisema vile?"

"Babu, si ndivyo mnavyosema wenyewe?"

Watoto wangu, nimewahi kupigwa na mengi, lakini hilo lilinikalisha chini. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikakosa la kumgombeza nalo.

Asubuhi nikachukua fimbo yangu, tukaenda wote watatu. Mwanangu alikubali kwa shingo upande. Hakuvaa shati jeupe, alivaa lile la bohari lenye vumbi la mahindi. Tulipofika mezani, Chiriku akatangulia mbele yangu, na wasichana wawili wa darasa lake wako pale pale mlangoni.

"Kaka, siku ile nilisema vibaya. Niliona haya kwa sababu ya wenzangu. Mjomba aliumwa, sasa anafanya kazi na akili yake ni nzima."

Karani akasema, "Mtu akishaumwa akili ameshaumwa, mdogo wangu."

Mama mmoja mwenye miwani, msimamizi wao, akainuka nyuma. "Karatasi ya mahakama iko wapi?"

"Karatasi gani, mama?"

"Inayosema huyu hawezi kujiamulia. Hilo huamuliwa na mahakama. Wewe nani kakupa mamlaka hayo? Na mtoto huyu je?" Mama akamgeukia mwanangu. "Samahani, baba. Jina lako, umri wako, na unakaa wapi."

Mwanangu akayajibu yote matatu, taratibu. Ikaja alama ya kidole. Mashine ikakataa. Wakafuta kioo, ikakataa tena. Vidole vyake shazia imevichoma miaka mingi, michoro yote imelika. Wakajaribu kulia, wakajaribu kushoto. Nilimwona anaanza kuurudisha mkono, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

"Bado kidole kidogo," yule mama akasema. "Hatuna haraka."

Kidole kidogo kikakubali.

Njiani alikuwa ameishika kadi yake ya mpiga kura kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mwanangu, lile neno ni langu. Nilikukosea."

Akajibu, "Kadi nimepata, baba. Na dawa nitameza. Lakini siku ya kumzika mama nilikuwa nimeshavaa viatu. Mkasema mwacheni, mkafunga mlango, mkaenda."

Ni kweli, tulimwacha. Nilidhani atapiga kelele makaburini. Sikumuuliza.

Nikamwambia Chiriku, na nyinyi mnaosoma nawaambia: kuumwa akili hakumtoi mtu kwenye watu. Akiwa amesimama hapo hapo, msijibu kwa niaba yake. Muulizeni mwenyewe. Mimi nimechelewa miaka kumi na moja kulijua hilo, na mengine hayarudishwi na karani wala na mahakama.

Kisha kwa mara ya kwanza nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akasema kwa mama.

Tukakata kona. Akachuchumaa kaburini, akang'oa majani, akaanza kuongea kwa sauti ndogo. Sisi wawili tukasimama mbali. Chiriku akanivuta mkono.

"Babu, anamwambia nini bibi?"

"Mimi sijui," nikamwambia. "Ngoja amalize, halafu umuulize. Na kama hataki kusema, ni haki yake."